Tupa ya Lucheni

Shoga yangu,

Dagaa wamefika salama, ila wamenukia jengo zima mpaka jirani kanigongea mlango. Ahsante sana.

Umeniuliza yule mama wa sanamu niliyepiga naye picha ziwani ni nani. Ni Elisabeth, mke wa Kaisari Franz Joseph wa Austria. Wenyewe humwita Sisi. Tarehe 10 Septemba 1898 alitoka hotelini hapahapa Geneva kuwahi meli, akakutana na Luigi Lucheni, kibarua wa Kiitaliano. Lucheni alikuwa akimwinda mwanamfalme wa Kifaransa. Kamkosa, akaona hata huyu atafaa. Hela ya kisu kizuri hakuwa nayo, basi akanunua tupa, akainoa, akaitia mpini wa mti, akamchoma nayo Sisi kifuani.

Sasa sikia. Mama wa watu alidhani kapigwa ngumi tu! Akainuliwa, akashukuru, akapanda meli kwa miguu yake. Koseti, lile vazi la kamba la kubania kiuno, ilikuwa imemkaza kiasi kwamba damu haikupata pa kutokea. Alipoanguka wakamlegeza kamba apumue, ndipo wakaona kidoa cha damu kwenye shimizi. Akafa siku hiyohiyo. Nilikumbuka tulivyokuwa tukikazana vibwebwe siku za harusi, nikacheka kidogo, Mungu anisamehe.

Ulisema wauaji wa wafalme huishia kunyongwa. Zamani, ndiyo, na zaidi ya kunyongwa: Ravaillac aliyemchoma kisu Henri wa Nne wa Ufaransa mwaka 1610 alivutwa na farasi wanne, na wazazi wake wakafukuzwa nchini. Lakini Lucheni alikitaka kifo hicho cha hadharani akakinyimwa! Geneva ilikuwa imeshaifuta adhabu ya kifo. Akaandika kuomba kesi ihamishiwe Lucerne, jimbo jingine la Uswisi, ambako adhabu hiyo ilikuwapo bado. Wakakataa, akapewa kifungo cha maisha.

Gerezani akaanza kuandika maisha yake, tangu mama yake alipomtelekeza mchanga kule Paris. Madaftari yakaibiwa. Hapo, shoga, ndipo nilipomhurumia, ingawa sikutaka. Mwaka 1910 akajinyonga kwa mkanda wake.

Kichwa walikikata, wakakitia kwenye chupa ya dawa ya kuzuia kuoza. Kilikaa humo mpaka mwaka 2000, kikazikwa Vienna, mji uleule alikozikwa Sisi.

Msalimie mama, mwambie dawa yake ya mgongo nimeipata. Na safari nyingine dagaa uwafunge mara mbili.

Wako,
Shoga wa Geneva