Barua ya wazi kwa vijana wa kikundi cha useremala mnaopanda Makete

Wanangu wa Dodoma, na nyie watatu mliohamia Dar, habari zenu. Katibu kanipigia kanambia nafasi za mafunzo zimepatikana, wiki mbili za vitendo tupu kwenye chuo kule juu Makete, mkoa wa Njombe, mwezi wa saba, na kwamba mnaulizana sana network ipoje na chakula kikoje. Sasa mi niko zangu hapa Makambako na njia yenu inapita hapahapa, nikaona niandike mara moja kwa wote kuliko kila mtu anipigie saa yake, maana nawajua, mmoja atapiga saa tano usiku.

Nachotaka kuwaambia ni kimoja tu. Wiki mbili ni chache na zinazoliwa ni zile siku za mwanzo. Mtu wa kwenye joto akifika kule siku ya kwanza anatetemeka, ya pili kichwa kinagonga, ya tatu anazunguka kijijini kutafuta gambuti, ya nne ndo anakumbuka patasi yake butu anaanza kuinoa, ukija kuhesabu siku nne zimeshaliwa na ada alilipa yote. Kwaiyo haya yote ninayoandika ni ya kuziokoa hizo siku, mengine mtayakuta hukohuko na walimu wenu.

Tuanze na baridi kwa sababu najua watu wa Dodoma mnajidai mnaijua, ule upepo wenu wa mwezi wa saba unawadanganya. Dodoma mko kwenye mita 1,100 na kidogo kutoka usawa wa bahari. Makete sehemu kubwa ni zaidi ya 2,000, na ukipanda uwanda wa Kitulo, ile hifadhi ya maua, uko 2,600 na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba unakuta sakitu nyeupe, ule umande ulioganda, kwenye majani. Ile sio baridi ya kuvumilia, ni ya kuvaa. Na kuvaa kwenyewe sio koti moja kubwa, vaa nguo nyingi nyembamba moja juu ya nyingine, maana saa sita jua linawaka kweli utataka kuvua, saa kumi na moja jioni unarudishia zote. Soksi nene pea za kutosha, kofia ya sufu, blanketi lako mwenyewe, mafuta ya mgando ya midomo maana itapasuka tu. Msinunue majaketi huko Dodoma kwa bei ya ajabu, mtumba mzito upo hapa Makambako na Njombe, huku tunauvaa mwaka mzima.

Ila sikilizeni hapa vizuri, na hili sijasikia mtu akilisema kwa wanaokwenda karakana za baridi. Nguo za kujikinga na baridi ndo adui mkubwa wa mtu anayesimama mbele ya mashine. Skafu inayoning'inia, zile kamba za hudi, mikono mipana ya sweta, glavu za sufu, vyote hivyo msumeno wa mviringo au mashine ya randa ikivinasa inavuta na mkono wako, haiulizi. Kwaiyo sweta ya kubana mwili, mikono ya kubana mpaka kwenye kifundo cha mkono, juu yake ovaroli iliyofungwa vifungo vyote. Skafu na glavu za sufu ni za kitandani na njiani. Mabinti, nywele zifungwe nyuma ziingie ndani ya kofia, na kitenge cha kujifunika asubuhi kibaki bwenini. Vidole vikiwa vimekufa ganzi usishike patasi kwanza, pasha mikono moto, kunywa chai, aliyekuhimiza ufanye haraka sio yeye atakayeshonwa. Na kabla hamjaondoka pitieni kituo cha afya muulizie sindano ya pepopunda, kama mtu hajachomwa ndani ya miaka 10 hivi achomwe, kwenye kazi ya misumari na mbao chafu hiyo sindano ni kifaa cha kazi.

Alafu jiko la mkaa. Jamani. Kila msimu wa baridi huku kwetu tunasikia watu wameingiza jiko chumbani walale na joto, asubuhi mlango unavunjwa. Mkaa ukiungua kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, haimkohozi mtu, unasikia tu uchovu na usingizi mtamu na ndo basi. Hamna habari ya "tumeacha dirisha kidogo". Hamna habari ya "limeshabaki majivu tu", maana makaa yanayofifia nayo yanatoa. Jiko linakaa nje, mnaota moto nje, mkiingia kulala mnaingia bila jiko. Mwenyekiti nakukabidhi hili, kila usiku pita kila chumba uhakikishe, wakikuita mnoko waache wakuite.

Na moto wenyewe wa kuota angalieni mnachoma nini. Karakana itakuwa na vipande vya mbao kila kona na mtashawishika. Zile mbao na nguzo zenye rangi ya kijanikijani zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa, kwenye hiyo dawa kuna shaba na mara nyingi aseniki. Moshi wake sumu, majivu yake sumu, usiote, usichemshie chai, usichomee mahindi. Chomeni mbao nyeupe tu mnayoijua imetoka wapi.

Kuhusu pumzi, siku mbili za kwanza mtahema mkipanda hata kamlima kadogo, na kichwa kinaweza kuuma kwa mbali. Kunyweni maji hata kama baridi inawanyima kiu, na siku ya kwanza msijionyeshe kubeba magogo. Wenye pumu chukueni dawa zenu za kutosha kabisa, msitegemee duka la kijijini. Na mkipangiwa zamu ya jikoni wekeni maharage motoni mapema sana, kule juu maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, yanachemkia kwenye 92 au 93 hivi, kwaiyo yanatokota kwa kelele lakini maharage hayaivi ng'o. Loweka usiku. Kuhusu chakula chenyewe ondoeni wasiwasi, viazi mviringo vya kule nyie hamjawahi kuvila, vya huko kwenu vinafika vimeshachoka.

Sasa vifaa, hapa ndo nataka kukaa kidogo. Msije na masanduku ya vifaa vyote vya karakana, mtachoka kuvibeba na chuo kina mashine zake. Njoo na vile vya mkono wako: patasi mbili tatu, msumeno mdogo, randa ya mkono kama unayo, futi, kibao cha pembe mraba, jiwe la kunolea, tupa ya pembe tatu. Na vinolewe HUKO NYUMBANI. Nasema tena huko nyumbani, wiki hii, sio kwenye basi na sio siku ya kwanza ya mafunzo huku mwalimu anawasubiri. Mgongo wa patasi uwe bapa kabisa, sehemu ya kukatia iwe kati ya nyuzi 25 na 30, jaribu kwenye nywele za mkono, kama hainyoi rudia. Kila mtu anoe vyake, msimpe yule kijana mmoja wa kikundi anaejua kunoa awanolee wote maana nawajua mchezo wenu. Mkishanoa pakeni mafuta mzungushie kitambaa, ukungu wa kule unatia kutu usiku mmoja tu. Kwenye basi vinakaa kwenye buti la chini, vimefungwa na vimeandikwa jina.

Mbao mtakayoikuta kule ni paina, milima yote imejaa paina na milingoti, na mashine za dingdong, zile za kupasulia mbao, zinalia bondeni kutwa. Mtaifurahia kwa bei lakini ijueni tabia yake kabla hamjaishika. Mti wa paina uliokatwa leo, maji yaliyomo yanaweza kuzidi uzito wa ile mbao ikishakauka. Na watu wetu wengi huku wanakata miti michanga kwa sababu ada ya shule haisubiri mti ukomae, siwalaumu, ila mbao ya mti mchanga inajipinda na kujisokota ikikauka, hasa ile iliyopasuliwa karibu na kiini. Kuna lingine linawahusu nyie moja kwa moja. Mbao iliyokaushwa kwenye ukungu wa Makete bado ina unyevu wa Makete, ukiipeleka kwenye ukavu wa Dodoma ukaunga mlango wiki hiyohiyo, baada ya miezi kadhaa paneli zinaachia na mteja anakutafuta kwa hasira. Ile milango ya Area C mliyolalamikiwa mwaka jana mnadhani ilikuwa nini? Kwaiyo nendeni na lile tatizo lenu. Pigeni picha ile milango, pimeni imeachia milimita ngapi na upande upi, kateni na kipande cha mbao kutoka karakana yenu mkiweke kwenye begi. Mwalimu akiuliza kuna swali msikae kimya mnatazamana, tieni kile kipande mezani. Hiyo itawapa faida kuliko cheti.

Gundi nayo. Ile gundi nyeupe ya mbao haipendi baridi, ukipaka chini ya nyuzi 10 hivi inaweza kukauka ikawa unga wa chaki na kiungo kikaachia kwa mkono. Asubuhi msigundishe kitu, fanyeni kazi ya kupima na kukata, gundi ngojeni jua la saa tano na hata hivo chupa iwe imelala ndani. Betri za drili na simu pia zinaisha haraka kwenye baridi, usiku zilale karibu na mwili. Network ipo ya hapa na pale, si mlitaka kujua, basi ndo hivo.

Watu wa kule ni Wakinga, Wawanji na majirani zao, na Njombe mtakuta Wabena ndugu zangu, mtu akikwambia "Kamwene" ni salamu, usimtolee macho. Wengi wa hao wenye maduka Kariakoo mnaonunua kwao vitasa na bawaba asili yao ni milimani hukohuko, kwaiyo msifike na ule mdomo wa mjini kwamba mmekwenda porini. Wazee wanaopasua mbao kijijini salimieni shikamoo na mkae nao, mzee akigonga gogo kwa kisigino cha shoka anakwambia limeoza ndani au zima, hilo hamtalipata darasani. Na niseme kama mzazi bila kuzungukazunguka, mkoa wa Njombe kwa miaka umekuwa ndo unaoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, mmesikia wenyewe, mko watu wazima.

Safari. Wa Dodoma pandeni basi la asubuhi kupitia Mtera mpaka Iringa, mje Mafinga, alafu hapa Makambako. Wa Dar mtapanda mlima Kitonga, mwenye kichefuchefu akae mbele na asile chipsi Ruaha Mbuyuni, na mjue lori moja likiharibika kwenye kona za pale mnaweza kulala njiani kwaiyo msipange kufika dakika za mwisho. Treni ya TAZARA nayo inasimama hapahapa Makambako, anayependa kuona mahandaki ya kutoka Mlimba aangalie ratiba mapema. Msiunganishe moja kwa moja mpaka Makete siku hiyohiyo. Laleni Njombe usiku mmoja, mwili uanze kuzoea, asubuhi mpande kwa mwanga, ile barabara jioni ina ukungu na malori ya mbao. Toeni hela taslimu Njombe, kule juu wakala wa simu unamkuta ila hela ya kukupa hana.

Katibu nitumie idadi kamili ya watakaopita kwangu kabla ya ijumaa, mama anataka kujua apike ugali wa watu wangapi. Alafu ile futi yangu ya mita tano niliyowaachia siku nahama, yeyote aliyenayo aje nayo.