Barua kwa mwanangu: kadi ina jina la nani?

Lushoto,
Jumanne usiku.

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo, ila mama yako goti linamsumbua kwa baridi hii. Nakuandikia kwa karatasi, kesho alfajiri nitampa dereva wa Noah ya abiria aifikishe Mombo ipande basi, maana juzi kwenye simu kila nikifungua mdomo ulikuwa unasema, "Baba, nimekuelewa." Hukunielewa. Nilikuuliza swali moja, kadi ya gari hilo unalotaka kununua ina jina la nani, ukanijibu kwamba rangi yake ni ya fedha.

Usije ukadhani nakupinga. Ulipokata simu mama yako alinitazama akasema, "Umeanza tena." Sikuanza. Nataka ununue. Naandika hivi nikiwa na akili zangu timamu: nunua. Lakini kwanza kadi.

Huyo mtu wa ofisini kwenu anakuuzia Toyota IST ya usajili wa namba D kwa milioni tisa. Sawa. Yeye alinunua kwa nani? Umesema mwenyewe kwamba kadi "bado iko kwa yule wa kwanza". Yule wa kwanza ni nani, anaishi wapi, yu hai? Gari linaweza kupita mikono mitatu kadi ikiwa haijasogea hata hatua moja, kwa sababu kila anayenunua anakwepa gharama za kuhamisha umiliki TRA, kule mamlaka ya mapato. Anaweka ufunguo mfukoni, anasema nitahamisha mwakani. Sasa mwenye jina akifariki, wanawe wakija na mirathi yao, wewe utasimama wapi? Una risiti ya daftari la mia tano na ufunguo. Au tuseme hajafariki, ametofautiana na mkewe na mali zinagawanywa. Nenda na huyo muuzaji mpaka kwa yule wa kwanza, umwone kwa macho, mwandikishiane mkataba wa mauziano mbele ya wakili, nakala za vitambulisho na TIN zenu, namba za mlipa kodi, ziwepo. Kama hapatikani, gari hilo halina mwenyewe hata kama linawaka vizuri.

Bei yenyewe sina ugomvi nayo. Mdogo wako alinionyesha kile kikokotoo cha TRA kwenye simu. Hizo IST za umbo la kwanza mwisho wake ni 2007, kwa hiyo ukiagiza Japani leo unatozwa na ushuru wa uchakavu, asilimia 30 kwa gari lililopita miaka kumi, juu ya ushuru, juu ya VAT. Nikaona kweli, la mkononi ni nafuu. Wakenya wao walikata mzizi, gari likizidi miaka minane haliingii kabisa. Sisi tunalipishwa uzee wake.

Nimekuwa nikifikiri juu ya magari ambayo sikuyanunua. Ni matatu. Wewe unayajua mawili, mama yako anayajua yote pamoja na sababu zake, au tuseme zile sababu nilizompa.

Volkswagen ya yule mwalimu wa hisabati aliyekuwa anahama nchi, ile ya mgongo wa kobe, hiyo naiacha. Mwaka 1983, miezi ile ya Sokoine na wahujumu uchumi, watu walikuwa wanatupa sabuni na khanga vichakani usiku wasikutwe nazo. Mwalimu wa cheo changu angeonekana na gari wangemwita aeleze shilingi ya kwanza aliipata wapi. Na petroli ya kuwekea ningeitoa wapi? Kwa hiyo Volkswagen sijilaumu. Ingawa injini yake ilipozwa kwa upepo, haikuhitaji maji kwenye rejeta, na wewe unajua kilima cha Soni kinavyochemsha magari.

Land Rover ndiyo ilinikereketa baadaye. Wale Wajerumani wa mradi wa kuzuia mmomonyoko walikuwa wanauza ile 109 iliyochoka. Bodi lake aluminiamu, kutu ilikuwa imeshika chesisi peke yake, na chesisi inachomelewa. Nikasema linakunywa mafuta. Ni kweli linakunywa. Akalichukua jirani yetu wa kabichi, hakusoma hata darasa la saba, akaanza kushusha karoti na kabichi mpaka Tanga, na nyumba yake ya matofali ya kuchoma unaiona pale juu ikikutazama kila ukija. Siku hizi mjukuu wake ndiye anayeliendesha. Uliponitumia ile video ya Arusha ya Oktoba 2024, Land Rover zimejipanga kama siafu, watu wakiitafuta rekodi ya msafara mkubwa iliyokuwa ya Wajerumani, nilicheka. Mama yako akauliza nacheka nini, nikasema hakuna kitu.

Pijo, sasa.

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na tatu Bert Shankland aliposhinda mbio za magari za Safari akiwa na Peugeot 404, mwaka 1966, na mwaka uliofuata akashinda tena. Alikuwa Mzungu wa Dar es Salaam, kwa hiyo sisi darasani tulimhesabu wetu. Mbio zilipita nchi zote tatu zamani hizo. Tulikata Pijo za mabua, tukazipaka matope kabisa, maana gari lisilo na matope halikuwa la mashindano. Kwa hiyo mwaka 1991, baada ya ruksa ya Mwinyi, yule bwana wa Soko la Juu aliposema anauza 504 yake ya safu tatu za viti, sikwenda kuangalia gari tu.

Ilikuwa ya bluu iliyopauka juu ya paa. Nilifungua mlango wa nyuma nikaingia safu ya tatu kwanza, nikakaa hapo, magoti yakagusa kiti cha mbele. Kitambaa cha kiti kilikuwa kimechanika kwa urefu wa kidole, ndani sponji ya njano, na mtu alikuwa ameficha humo tiketi ya basi iliyokunjwa. Nikahesabu: mimi na mama yako mbele, bibi yenu na nyinyi katikati, nyuma mizigo au wagonjwa wa watu, maana ukiwa na gari kijijini wagonjwa wote ni wako. Fedha ya kuuza mikaratusi ilikuwepo. Bwana yule alinipa siku tatu.

Siku ya tatu nikamwambia mama yako, kadi ina jina la mtu mwingine, siwezi. Na kweli ilikuwa na jina la mtu mwingine. La kaka yake. Kaka mwenyewe alikuwa Moshi, tena mtu anayefahamika, nauli ya siku moja kwenda na kurudi.

Mama yako alisema "haya". Unaijua haya yake.

Sasa ule ufa wa tenki la maji la shule, ambao wanafunzi wote mliambiwa ni tetemeko. Halikuwa tetemeko. Ilikuwa lori la shule, na nyuma ya usukani alikuwa mwalimu wa jiografia, anayechora milima ya Usambara ubaoni bila kutazama kitabu, akijifunza kurudi nyuma siku ya Jumamosi. Dereva aliruka nje. Mkuu wa shule, Mungu amrehemu, alikuwa muungwana, akatangaza tetemeko. Sikushika usukani tena. Nilikuwa na miaka thelathini na nane, leseni sina, na nilikuwa namwogopa mtoto wa dereva atakayenicheka kuliko nilivyolitamani gari. Haya ndiyo yalikuwa ndani ya ile kadi. Usimwambie mdogo wako, atalisema msibani kwangu.

Pijo iliuzwa Machi. Siku ya trekta, ile tuliyohitaji gari tukapata trekta tu, ilikuwa Mei, masika yamekolea. Nimeshahesabu, huna haja ya kunihesabia. Mama yako mpaka leo trekta likipita barabarani anaingia ndani.

Kwa hiyo ukisikia nauliza kadi, kadi, usije ukafikiri ni ileile. Hii ya kwako ni kadi kweli. Milioni tisa ni jasho lako la SACCOS, na huyo wa kwanza simjui.

Na jambo jingine ambalo hukunisema vizuri siku ile ya harusi ya binamu yako, mbele ya watu. Ulisema baba alinikataza kujifunza kuendesha. Mjomba wako alikuja na ile Hilux, ukiwa umemaliza kidato cha sita, nikasema msichana atafanya nini na usukani. Nilisema. Lakini ulisema mbele ya mkwe wangu, na mimi nina sahani ya pilau mkononi. Ungenisubiri nimalize kula. Basi sasa una leseni, daraja D, umeipata kwa fedha yako na hukumgonga mtu wala tenki. Nimemwonyesha ile picha ya leseni yako kila mtu pale msikitini mpaka imamu akaniambia, Mwalimu, tumeiona.

Kabla ya kulipa nenda na fundi wako, siyo fundi wake. Gari liwe limelala usiku kucha, liwashwe asubuhi mbele yenu likiwa baridi. Moshi wa bluu linakula oili. Fungua kifuniko cha oili juu ya injini, utazame upande wa chini wa kifuniko: ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, funga, sema asante, ondoka, huenda maji yameingia kwenye oili na gasketi imekwisha. Gonga bodi kwa kifundo cha kidole, palipojazwa pati panalia tofauti. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi uone kama lina faini, elfu thelathini thelathini zikikusanyika huwa nyingi, na zinalifuata gari, siyo aliyeendesha. Halafu kadi. Tena namba ya chesisi iliyo kwenye kadi uisome na ile iliyogongwa kwenye gari, herufi kwa herufi. Usisome haraka kama unavyosoma meseji zangu.

Ukija huku usisafiri usiku kati ya Chalinze na Segera, malori. Ukiondoka kurudi, toka Soni mpaka Mombo usishuke umekanyaga breki tu, weka gia ndogo. Utasema baba asiyejua kuendesha anafundisha. Nimekaa kiti cha mbele cha Noah miaka mingi, harufu ya breki naijua.

Idi hukuja. Sisemi kitu. Mama yako alikuwekea maandazi kwenye lile bakuli la mfuniko mpaka yakawa magumu, akawapa kuku.

Nilipostaafu 2013, kabla ya haya mambo ya kikokotoo cha mafao, fedha ya gari nilikuwa nayo mkononi tena. Nikaezeka nyumba. Hilo la nne silihesabu, nilikuwa na miaka sitini. Ila bati la chumba cha wageni linavuja palepale juu ya kitanda, fundi anasema ni misumari, mimi nasema ni fundi. Ukipata nafasi tutumie mpira wa kuzibia, ule mweusi wa kubandika, hapa wanauza kwa bei ya dhahabu. Na mtungi wa gesi umeisha tangu Jumamosi, mama yako amerudi kwenye kuni, anakohoa na anakataa kusema. Mpigie mwenyewe. Ng'ombe amezaa, dume, bahati mbaya. Plamu za mwaka huu ni ndogo lakini tamu, nimempa dereva wa Noah ndoo moja pamoja na barua hii, zifungue siku hiyohiyo. Ndoo irudi.

Mdogo wako bado anaomba ada ya muhula wa pili. Nimemwambia dada yako ananunua gari, subiri. Akanuna. Mpe hata nusu.

Ukishajua jina lililo kwenye kadi nipigie hata usiku wa manane, simu naweka chini ya mto. Nipigie mimi, siyo mama yako, yeye atasema nunua bila kuuliza. Tangu uliposema neno gari hana lingine, amekwishapanga atakaa mbele.

Na ile kona ya nyumba, pale ambapo gari la mjomba wako lilikuwa haliwezi kugeuka, nimekata migomba miwili. Nimepasawazisha, nimemwaga na kokoto mikokoteni mitatu. Mkungu mmoja ulikuwa bado mchanga. Mama yako kaninunia tangu juzi.

Ni mimi baba yako.