Ufinyanzi wa gurudumu: wanafunzi wapewe nafasi ya kurudia

Ndugu Mhariri,

Nilisoma kwa furaha habari iliyochapishwa katika gazeti lako kuhusu vijana waliohitimu mafunzo ya ufinyanzi na kuonyesha kazi zao hapa Kampala, na nawapongeza wao pamoja na walimu wao. Hata hivyo, mwandishi wa habari ile alifikia uamuzi kwamba kinachowakwamisha wafinyanzi wetu ni ukosefu wa mtaji na wa magurudumu ya umeme, nami, nikiwa mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuwafundisha vijana gurudumuni, naomba nafasi ya kutofautiana naye kidogo. Mtaji unahitajika, sikatai. Lakini kijana anaweza kupewa gurudumu lililo bora kuliko yote na bado akabaki pale pale alipo, kwa sababu mafunzo yetu mengi humfikisha kwenye bakuli lake la kwanza lililosimama, humpigia makofi, kisha humwacha.

Hatua hiyo ya mwanzo inajulikana. Mwanafunzi hukanda udongo, huubandika juu ya sahani ya gurudumu, huusukuma mpaka ukae katikati na kuacha kuyumba, huutoboa kwa vidole gumba, kisha huvuta kuta zipande. Akiwa na bidii na mwalimu mvumilivu, hufika hapo katika miezi michache. Kinachofuata ndicho kigumu, nacho ni kutengeneza kikombe cha pili kinachofanana na cha kwanza, na cha tatu, hadi mtu akivipanga mezani asijue kipi kilitangulia. Mwenye mgahawa hawezi kununua vikombe kumi na viwili ambavyo kila kimoja kina tabia yake. Atakwenda kununua vile vilivyotoka kiwandani ng'ambo, na hatakuwa amekosea.

Kurudia kwa namna hii si suala la jicho tu, bali huanzia kwenye mizani. Fundi hupima kila donge, tuseme gramu 400 kwa kikombe cha chai, kwa kuwa madonge yasiyolingana hayawezi kuzaa vikombe vinavyolingana hata mkono uwe hodari namna gani. Kando ya gurudumu husimamisha kijiti ambacho ncha yake huonyesha mdomo wa kikombe ufike wapi kwa kimo na kwa upana, na kijiti hicho hakiguswi mpaka madonge yote yaishe. Halafu ipo hesabu ya kusinyaa. Udongo unaochomwa kwa joto kali, la nyuzi 1,200 za Selsiasi na zaidi, kwa kawaida hupungua kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 13 tangu ukiwa mbichi hadi unapotoka tanuruni. Kwa hiyo, ikiwa udongo wako hupungua kwa asilimia 12 na unataka kikombe chenye mdomo wa sentimita 8, sharti ukifinyange kikiwa na sentimita 9 na ushei. Nimekutana na wahitimu ambao hawajawahi kufanya hesabu hiyo hata mara moja, ilhali kinachotakiwa ni kipande cha udongo, rula na subira: chora mstari wa sentimita 10 juu ya udongo mbichi, uuache ukauke, uchome, kisha upime tena.

Kuhusu kuta zenyewe, kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni waya. Chukua kikombe kibichi ambacho mwanafunzi anajivunia, ukipasue kutoka mdomoni hadi kitakoni. (Siku ya kwanza wengi hununa, na wapo ambao hawarudi kesho yake.) Mara nyingi utaona ukuta ulio mwembamba juu, na chini, pale ukuta unapokutana na sakafu, utaona udongo mnene kama kidole uliobaki bila kuvutwa. Udongo ule ulipaswa kuwa sehemu ya kimo cha kikombe. Sasa umekuwa uzito usio na kazi, na ndiyo maana vikombe vingi vya wanafunzi, ukivinyanyua, hukushangaza kwa uzito. Kosa ni kwamba kidole cha nje kilianza kuvuta kikiwa juu mno. Fundi aliyekomaa hukishusha chini kabisa, karibu kugusa sahani ya gurudumu, akabonyeza hadi uvimbe wa udongo utokee juu yake, kisha akaupandisha uvimbe huo polepole, kidole cha ndani kikiusindikiza. Mkono ukipanda haraka kuliko gurudumu linavyozunguka, ukuta hubaki na michirizi minene na myembamba na mwishowe hupinda. Viwiko navyo huegemezwa kwenye mapaja au kiunoni, kwa sababu mkono unaoelea hewani hufuata udongo, badala ya udongo kuufuata mkono. Kasi ni kubwa wakati wa kuweka udongo katikati, hupungua kadiri chombo kinavyopanuka, na mdomo humaliziwa polepole sana. Maji mengi ni ugonjwa wa wanaoanza: hulegeza kuta, na yakituama sakafuni bila kunyonywa kwa sifongo, chombo hudhoofika kabla hata hakijakatwa na kuondolewa kwenye gurudumu.

Sakafu hiyo pia hupuuzwa. Ikiwa haikugandamizwa vizuri kwa vidole au kwa ubao mdogo, kikombe kinapokauka hupasuka kitakoni ufa wenye umbo la herufi S, na mwanafunzi hulaumu udongo.

Hapa ndipo ninapotaka wasimamizi wa vyuo wanisikilize. Udongo ambao haujachomwa haupotei. Kikombe kilichopasuliwa kwa waya hurudi kwenye pipa la maji, kikalainika, kikakandwa na kuwa donge jipya. Kinachogharimu ni kuchoma, yaani kuni au umeme, pamoja na ile rangi ya kioo inayopakwa juu. Katika chuo kimoja nilichowahi kufundisha, ilikuwa desturi kuchoma kila kitu ambacho mwanafunzi alikitengeneza, hata kilichopinda, ili awe na cha kupeleka nyumbani na wazazi waone ada imekwenda wapi; tanuru lilipomaliza fedha za muhula, tuliambiwa kwamba hakuna bajeti ya mazoezi. Mimi naona kinyume chake: mwanafunzi afinyange vingi na kuchoma vichache. Kwa mtindo huo, pipa moja la udongo linaweza kumtumikia kijana kwa muda mrefu, naye akawa amepata mkono.

Mkono huo ukishapatikana, upewe mtihani wa buli la chai. Nalitaja buli kwa sababu hakuna chombo kidogo kinachomfichua fundi kama hicho. Tumbo, mdomo wa kumiminia na kifuniko vyote hutoka gurudumuni, na vipimo huchukuliwa kwa kalipa (kifaa cha miguu miwili cha kupimia upana) udongo ungali mbichi, kutoka kwenye udongo ule ule na siku ile ile, ili vikauke na kusinyaa pamoja. Kifuniko kilichofinyangwa wiki moja baadaye kwa udongo mwingine huenda kisikae kamwe. Ncha ya mdomo lazima ifikie usawa wa ukingo wa buli, la sivyo chai itaanza kumwagika mezani kabla buli halijajaa. Vitundu vya kuchujia majani vitobolewe kabla mdomo haujabandikwa. Tena kuna jambo ambalo wanafunzi hawaliamini mpaka waone: mdomo uliofinyangwa kwenye gurudumu huendelea kujisokota kidogo ndani ya tanuru, kwa hiyo fundi huikata ncha yake kwa kuielekeza upande ili moto uje uinyooshe. Mshikio haufinyangwi gurudumuni, huvutwa kwa mkono wenye maji kutoka kwenye donge refu, kisha hubandikwa tumbo likiwa limekaza lakini halijakauka. Baada ya hapo buli zima hufunikwa kwa kavera, yaani mfuko wa plastiki, ili likauke taratibu, hasa wakati wa jua kali, ambapo mshikio na mdomo hukauka kabla ya tumbo na kung'oka.

Nikiwa bado kwenye kukauka, niruhusu kusahihisha imani moja iliyoenea, kwamba vyombo hulipuka tanuruni kwa sababu ya mapovu ya hewa. Kinachovipasua ni unyevu unaogeuka mvuke na kukosa njia ya kutoka. Hewa ni adui wa mfinyanzi akiwa gurudumuni, kwa sababu povu huusukuma mkono, na ndiyo maana tunakanda. Tanuruni dawa ni kuhakikisha chombo kimekauka, na kukaa chini ya nyuzi 100 mpaka mvuke uishe ndipo moto uongezwe. Karibu na nyuzi 573 chembe za kwazi, madini ya mchanga yaliyomo katika udongo, hubadilika ukubwa ghafla, kwa hiyo hapo pia, wakati wa kupanda na wakati wa kushuka, haraka haina nafasi.

Najua wapo watakaosema kwamba gurudumu si letu, na kwamba bibi zetu walifinyanga mitungi mizuri kwa kupandisha pingili za udongo, zilizoviringishwa kama kamba, kwa mkono. Ni kweli, na kichwa cha udongo kilichofukuliwa Luzira mwaka 1929, ambacho sasa kiko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, ni ushahidi kwamba ustadi wa udongo katika ardhi hii haukuletwa na mgeni yeyote. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na ambaye kazi zake zimo katika majumba makubwa ya makumbusho duniani, hujenga vyombo vyake kwa mkono. Lakini njia hizi mbili hazigombani. Nchini Nigeria, Ladi Kwali alikuwa tayari fundi mashuhuri wa mitungi ya mkono alipojiunga mwaka 1954 na kituo cha ufinyanzi cha Abuja kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew. Akajifunza gurudumu bila kuacha mitungi yake, na leo picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Hata mitungi mikubwa ya gurudumu hutengenezwa kwa kuchanganya njia hizo: sehemu ya chini hufinyangwa na kuachwa ikaze, pingili nene ya udongo huzungushwa juu yake, kisha gurudumu huendeshwa polepole na ukuta ukavutwa tena. Kijana aliyelelewa na mama mfinyanzi kule Magharibi mwa Uganda ameshajua nusu ya kazi hiyo kabla hajaingia darasani, nasi humwambia aanze upya kama mtu ambaye hajawahi kushika udongo.

Kuhusu magurudumu ya umeme, naungana na mwandishi kwamba yanapunguza uchovu. Lakini umeme hukatika, na gurudumu lililoagizwa kutoka nje likiharibika hukaa kona ya darasa likisubiri kipuri. Gurudumu la kukanyaga kwa mguu linahitaji nondo au bomba la chuma, beringi za gari, sahani ya juu, na gurudumu zito la zege chini ili mzunguko usikatike. Mafundi wa chuma wa Katwe wana uwezo wa kulitengeneza kwa mchoro tu, na likiharibika wao wenyewe hulirekebisha. Faida yake nyingine ni ya kimafunzo: mguu humfundisha mwanafunzi kasi, kwa kuwa hawezi kuvuta ukuta na kukanyaga kwa nguvu kwa wakati mmoja, hivyo hulazimika kupanga mvuto wake kabla mzunguko haujapungua.

Udongo nao tunao. Kiwanda cha Kajjansi kimekuwa kikitengeneza vigae na matofali tangu mwaka 1950, na kule Mutaka, Magharibi mwa nchi, kuna kaolini, ule udongo mweupe wa vyombo vya kauri. Udongo wa kinamasi unaochimbwa na kutumika siku ile ile huwa na mizizi na kokoto zinazokata vidole na kutoboa kuta nyembamba. Ulowekwe, upitishwe kwenye chujio, ukaushwe kiasi, kisha upumzike wiki kadhaa, na kadiri unavyopumzika ndivyo unavyozidi kunyumbuka. Vumbi la udongo mkavu lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisifagiliwe, maana chembe zake hudhuru mapafu.

Mwisho, kwa wanaotunga mitihani ya ufundi. Mara nyingi mtahiniwa hupimwa kwa kazi moja ya maonyesho, aliyoihangaikia muhula mzima na pengine kusaidiwa. Napendekeza apewe siku moja, madonge kumi na mawili aliyoyapima mwenyewe, na karatasi yenye kimo na upana wa kikombe, na jioni mtahini achague viwili vyovyote na kuvipasua kwa waya mbele yake. Alama zitolewe kwa unene wa kuta, kwa sakafu iliyogandamizwa na kwa vipimo vilivyofikiwa, na urembo usubiri mtihani mwingine. Tanuru halihitajiki kuwashwa, kwa hiyo hata chuo cha wilayani kisicho na tanuru kinaweza kuuendesha.

Wako,
Mfinyanzi na mwalimu wa ufundi,
Mukono