Mhariri, sio kila kidonda huko chini ni tego

Ndugu Mhariri, salamu. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo nalikuta kazini mara kwa mara ila kwenye gazeti silioni. Mimi nauza dawa kwenye duka la dawa muhimu huku Kanda ya Ziwa, na nataka kuongelea saratani ya uume. Najua hapo kuna watu wameshageuza ukurasa, lakini ndo hivo.

Wanaume wenye kidonda sehemu za siri wana namna yao ya kuja dukani. Anasimama pembeni anajifanya yuko bize na simu mpaka kina mama waishe, afu anasogea kaunta anaongea kwa chini, "dada, nipe rangi mbili." Za nini? "Za kidonda." Kidonda kiko wapi? "We nipe tu." Anaenda kupasua vile vidonge anamwagia unga wake juu ya kidonda, kikikauka kidogo anashukuru Mungu, kikirudi anarudi na yeye. Nikimuuliza kina muda gani ndo nachoka kabisa, maana utasikia kilianza tangu msimu uliopita wa pamba.

Na wengi kabla ya kufika kwangu wameshapita kwa mganga wakaambiwa ni tego, yaani umetembea na mke wa mtu na mwenyewe kamtega. Kuna mzee mmoja jirani yetu, mkewe alifariki zamani na mtaa mzima unajua maisha yake ni nyumbani na kanisani, na yeye aliambiwa tego, akatoa mbuzi. Aibu ya kuitwa mgoni ikamfanya afiche hata kwa wanae, mpaka mitoki, zile tezi za kinenani, ikavimba na mmoja ukapasuka ndo wakampeleka hospitali, wakakata kinyama wakapima, ikaja saratani. Hapo ilikuwa imeshatoka kwenye uume iko kwenye mitoki, na ikifika huko matibabu yanakuwa mazito na matumaini yanapungua sana, wakati ikikamatwa bado ndogo watu wengi wanapona.

Sasa dalili zenyewe sio za kutafuta na tochi. Inaanza na kidonda au kauvimbe kwenye kichwa cha uume au chini ya govi, mara nyingi hata hakiumi na ndo maana mtu anapuuzia, au ngozi inabadilika rangi inakuwa nyekundu au nyeupe ngumu, au kunatoka uchafu wenye harufu na damu chini ya govi. Kikipita wiki tatu nne hakijapona nenda kaonyeshe. Inaweza ikawa kaswende au fangasi, sawa, zina dawa, lakini aseme aliyepima, sio mimi wa kaunta wala mganga. Na ukishatibiwa kama fangasi hakiponi, rudi, uulize kuhusu kukata kinyama kupima, ni haki yako.

Wanaopata zaidi ni watu wazima wa miaka 50 kwenda juu, hasa ambao hawajatahiriwa na govi limebana halirudi nyuma, kwahiyo huko ndani hakuoshwi, panakaa uchafu na mwasho miaka na miaka. Sigara nayo imo, VVU navyo vimo, na kuna kirusi cha HPV, kilekile cha saratani ya mlango wa kizazi, ambacho kinahusika karibu na nusu ya hizi saratani. Ndo maana mke wa mgonjwa naye aende kupima mlango wa kizazi. Chanjo ya HPV hapa kwetu ilianza 2018 kwa mabinti, wavulana hawamo, na mimi sioni kwanini nao wasifikiriwe.

Kwenye tohara hapo nina neno. Matangazo yote tangu zile tafiti za tohara za Kisumu kule Kenya na Rakai kule Uganda ni UKIMWI na vijana, tohara inampunguzia mwanaume hatari ya kuambukizwa VVU na mwanamke kwa karibu asilimia 60, safi sana. Ila mzee wa Kisukuma wa miaka 60 mwenye govi lililobana akisikia gari la matangazo linapita anajua haliongei na yeye. Kinga kubwa ya saratani hii ni kutahiriwa utotoni, ukubwani haifanyi kazi vilevile, lakini govi lililobana likitolewa panaosheka na kidonda kinaonekana. Na asiyetaka kutahiriwa, kama govi lake linarudi, basi avute nyuma aoshe kila siku, maji na sabuni kidogo inatosha, sio dettol jamani.

Kinachowatisha wengi ni kusikia "watakata". Inategemea umewahi au umechelewa. Ikiwa kwenye govi tu wakati mwingine tohara peke yake inamaliza, ikiwa ndogo juu juu kuna dawa ya kupaka na kuna leza, ikizidi wanatoa kipande na mwanaume anabaki anakojoa amesimama na wengi tendo la ndoa wanaendelea nalo. Ikikomaa ndo wanatoa wote, njia ya mkojo wanaifungua chini nyuma ya korodani, unakojoa umechuchumaa, na mitoki inatolewa, afu kuna mionzi na kemo, yaani dawa kali za saratani. Kwa huku kwetu kuna hospitali ya Bugando Mwanza, wengine wanaenda KCMC Moshi au Ocean Road Dar.

Ombi langu Mhariri, mtafute daktari bingwa wa mkojo umpe ukurasa mzima, aandike kwa Kiswahili cha kueleweka, na picha ziwepo hata za kuchora. Gazeti lako huku linasomwa kinyozi, nitalibandika na pale dukani upande wanaosimamaga wale wa simu.

Muuza dawa,
Kanda ya Ziwa