Tusimsahau Noor Jehan

Mhariri,

Zinapotajwa sauti kuu za filamu za Kihindi, Noor Jehan huachwa nje, na hiyo si haki. Alizaliwa Kasur, Punjab, mwaka 1926, akaanza kuimba jukwaani angali mtoto. Katika filamu ya Anmol Ghadi (1946) aliigiza na kuimba mwenyewe, bila kuazima sauti ya mtu. India ilipogawanywa mwaka 1947 alihamia Pakistan, na mwaka 1951 akatajwa kuwa mwongozaji wa filamu ya Chanway, enzi ambazo kazi hiyo ilikuwa ya wanaume. Alipoacha kuigiza miaka ya 1960 hakunyamaza. Aliwaazima waigizaji wengine sauti yake, yeye akiimba na wao wakifuatisha kwa midomo tu, kwa Kiurdu na Kipunjabi hadi miaka ya 1990. Alifariki Karachi, Desemba 2000. Tafadhali, ukurasa wenu wa burudani umwandikie makala kamili.

Msomaji wenu,
Mombasa