Barua kwa mwanangu anayekwenda kuorodhesha buibui wa Lapland

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimefurahi sana kusikia kwamba umekubaliwa kwenda Lapland ya Ufini kiangazi hiki kuorodhesha buibui, na kwamba kituo chenu ni Kilpisjärvi, kwenye nyuzi 69 kaskazini. Umeniuliza uanzie wapi. Nakuandikia kwa kirefu, maana kazi hii huharibika katika mambo madogo, na kosa hugunduliwa miaka mingi baadaye, wakati hakuna tena wa kuulizwa.

Kwanza kabisa shika hili: orodha ya spishi ni ushahidi, si majina matupu. Kila mstari unadai kwamba buibui wa aina fulani alikuwepo mahali fulani siku fulani, na yeyote mwenye shaka ana haki ya kusema, "Nionyeshe." Utakachomwonyesha ni buibui mwenyewe ndani ya kichupa, pamoja na lebo yake. Picha nzuri inatosha kwa spishi chache kubwa. Kwa wengine wote, jina lisilo na kielelezo kilichohifadhiwa ni uvumi tu, hata kama aliyelitaja ni bingwa.

Ufini ina zaidi ya spishi 600 za buibui, na karibu nusu yao ni wa familia moja, Linyphiidae. Kadiri unavyopanda kaskazini ndivyo familia hiyo inavyozidi kutawala. Wengi wao wana urefu wa milimita 2 au 3, weusi au kahawia, na kwa macho matupu wote ni sawa. Mgeni akifika huko huvutwa na Pardosa wanaokimbia juani na Araneus wanaotanda vichakani, akarudi na orodha ya spishi 30 akidhani amemaliza. Utajiri wa kaskazini uko chini, ndani ya mimea oevu na chini ya majani makavu, na njia zako za kukusanya ziwafuate hao wadogo.

Chombo chako kikuu kitakuwa mtego wa shimo. Chukua vikombe vya plastiki vyenye mdomo wa sentimita 7 hadi 9 na uvitie viwiliviwili, kimoja ndani ya kingine. Cha nje kinabaki ardhini, cha ndani ndicho utakachokuwa unakitoa. Ukitumia kimoja, kila ukikitoa udongo unaporomoka shimoni na mdomo haurudi tena sawa na ardhi. Na mdomo ndio mtego wenyewe. Ukinyanyuka milimita 2 tu, buibui wa milimita 2 anakutana na ukuta, anazunguka na kwenda zake. Ukishafukia pembeni, pitisha kidole juu ya ardhi kutoka nje kuelekea ndani, pande zote. Pale kidole kinapokwama, buibui naye atakwama. Rekebisha hadi kipite bila kugusa ukingo.

Ndani mimina propilini glaikoli, kimiminika cha kuhifadhi kisichokauka upesi, iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ifike theluthi ya kikombe, kisha tone moja la sabuni ya maji isiyo na harufu. Bila sabuni, buibui mdogo huelea juu ya uso wa maji na wengine hutoka wazima. Usikubali kupewa dawa ya kuzuia kuganda ya magari yenye ethilini glaikoli: ni tamu, mbwa na mbweha huinywa, na huua figo zao. Maji ya chumvi nayo yaache, kwa sababu uko katika nchi ya reindia, wale kulungu wanaofugwa Lapland, na reindia hutafuta chumvi kwa bidii. Watakuchimbulia mstari mzima wa mitego. Fomalini huharibu DNA na mapafu yako pia.

Juu weka kipande cha plastiki ngumu, sentimita 15 kila upande, kikisimama juu ya misumari mirefu na kuacha nafasi ya sentimita 2 au 3. Kinazuia mvua isijaze kikombe. Milimani upepo utakipeperusha, kwa hiyo kiwekee jiwe juu. Mitego 10 kwa kila aina ya makazi, umbali wa mita 5 au zaidi kati ya mmoja na mwingine, na uimwage kila baada ya wiki mbili. Kila mtego uwe na namba na kichupa chake. Usichanganye mavuno ya mitego kumi katika chupa moja ili kuokoa muda, kwani reindia akikanyaga miwili hutajua tena unalinganisha mitego minane na mingapi.

Katika mabwawa ya mboji utakuta vilima viitwavyo palsa, vyenye kiini cha barafu isiyoyeyuka mwaka mzima. Mwanzoni mwa kiangazi barafu iko karibu sana na uso na shimo halichimbiki kwa kina unachotaka. Kata kikombe kiwe kifupi kuliko kulazimisha. Tena, ardhi inayoganda na kuyeyuka husukuma vikombe juu, hivyo katika kila ziara rudia lile jaribio la kidole kabla ya kuondoka.

Wakati una maana kuliko wingi wa mitego. Madume ya Pardosa hukimbia huku na huko mara theluji inapoondoka. Ukichelewa wiki mbili au tatu utapata majike tu, na katika baadhi ya makundi ya Pardosa majike hayatambuliki kwa uhakika bila dume. Kwa hiyo vikombe viwe ardhini pale ambapo mabaka ya kwanza ya ardhi yanatokea, hata kama pembeni bado kuna theluji. Linyphiidae wengi hukomaa vuli, na wapo walio hai majira ya baridi chini ya theluji, ambako joto hukaa karibu na sifuri hata hewa ya juu ikiwa baridi kali. Bolephthyphantes index huonekana hata juu ya theluji yenyewe, akitanda utando kwenye vishimo vidogo. Kama kituo kitakubali, acha baadhi ya mitego hadi baada ya kiangazi.

Mtego hukamata wanaotembea tu. Wanaokaa kimya wafuate kwa mikono. Chukua mimea ya sfagnamu, ile inayonyonya maji kwenye mabwawa, kiasi cha lita 5 kila sehemu ili vipimo vilingane, uipepete juu ya chekeche lenye matundu ya milimita 8 hivi, na chini utandike shuka jeupe. Kisha tulia. Dakika ya kwanza hutaona kitu, kwa sababu buibui aliyetikiswa hukunja miguu na kujifanya takataka. Baada ya dakika tatu au nne takataka zinaanza kutembea. Wafyonze kwa mrija wenye kichujio. Kwenye majabali, ambako hakuna udongo wa kuchimba, tembea taratibu kwenye jua na uangalie juu ya mawe. Huko ndiko aliko Acantholycosa norvegica, anayeyapenda majabali na miti mikavu iliyoanguka. Ile mbinu ya kumulika macho ya buibui usiku kwa taa ya kichwani iache hadi mwishoni mwa Agosti, maana kuanzia katikati au mwishoni mwa Mei hadi mwishoni mwa Julai jua halizami. Na mbu watakutesa. Jipake dawa, lakini fahamu kwamba yenye DEET huyeyusha plastiki, basi futa mikono kabla ya kugusa vichupa na vifaa.

Sasa uhifadhi. Ethanoli ya asilimia 75 hadi 80 ndiyo ya vielelezo vya kutazamwa. Ya asilimia 95 hukausha viungo, miguu inavunjika na pedipalpi haigeuki tena unapotaka kuitazama upande wa pili. Kama unataka DNA, nyofoa mguu mmoja au miwili kutoka upande wa kulia, uweke katika ethanoli ya asilimia 95 kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na namba ileile uiandike kwenye vichupa vyote viwili. Badilisha ethanoli baada ya siku moja, kwa kuwa maji ya miili yao huizimua na buibui wakaanza kuoza taratibu bila wewe kujua.

Lebo iingie ndani ya kichupa, ielee pamoja na buibui. Ya kubandika nje hutoka mara ethanoli inapomwagika. Iandike kwa penseli au wino wa pigmenti kwenye karatasi isiyo na asidi. Wino wa printa nyingi za kawaida huyeyuka, na utabaki na karatasi nyeupe na buibui asiye na kwao. Andika nchi, mkoa wa kibaiolojia, mahali, viwianishi, mwinuko kwa mita, makazi, njia ya kukamata na namba ya mtego, tarehe ya kuweka na ya kumwaga, na aliyekusanya. Mwezi uandike kwa namba za Kirumi: 6.vii.2025. Ukiandika 6.7, Mfini atasoma tarehe 6 Julai na Mmarekani atasoma Juni 7. Lebo iandikwe palepale porini. Ya kukumbukwa jioni huwa na kosa.

Chini ya hadubini, jifunze kwanza kuwatenga wasiokomaa. Jina la spishi kwa kawaida linapatikana kwa wakubwa tu: kwa dume ni pedipalpi, ile jozi ya viungo vifupi mbele ya miguu, ambayo ncha yake imejaa vibamba na ndoano, kwa jike ni epijini, bamba gumu chini ya tumbo upande wa mbele. Dume aliyebakiza kujiambua mara moja ana ncha iliyovimba lakini laini, haina vibamba. Huyo na watoto wote waandike kwa jenasi au familia na uishie hapo. Orodha nyingi zimechafuliwa na watu walioona aibu kuandika "Pardosa sp."

Tazama pedipalpi ya kushoto, upande wa nje, kwa sababu michoro mingi imechorwa hivyo. Ukitazama ya kulia, kila kitu kimegeuka na utaona tofauti isiyokuwepo. Weka mchanga laini ndani ya kisahani chenye ethanoli, mlaze buibui kwenye kishimo na umgeuze kidogokidogo hadi alingane na mchoro. Ndoano iliyogeuka kidogo tu inaweza kuonekana ya spishi nyingine. Kwa Linyphiidae hesabu pia miiba ya tibia, kipande cha mguu kinachofuata goti, katika jozi zote nne za miguu, na upime mahali ulipo ule unywele mrefu wa kuhisi kwenye metatarsi, kipande kinachofuata tibia, ya mguu wa kwanza. Miiba huvunjika mtegoni, hivyo usiseme haipo kabla ya kutafuta kitundu chake.

DNA itakusaidia sana kuoanisha dume na jike, na hata kuwapa watoto jina. Kipande kinachotumika ni cha jeni COI, herufi 658, na kinalinganishwa na hifadhidata ya BOLD iliyoko Guelph, Kanada. Ila jina lililomo humo liliwekwa na mtu, na mtu hukosea. Tena zipo spishi za Pardosa ambazo kwa kipande hicho hazitenganishiki, ingawa pedipalpi zao zinatofautiana. Mashine na hadubini zikipingana, rudi kwenye kielelezo.

Utapewa pia rekodi za zamani uziingize. Hapa ndipo pana mitego ya aina nyingine. Petsamo ilikuwa ya Ufini kuanzia 1920 hadi 1944 na sasa iko Urusi, kwa hiyo buibui wa "Lapland" wa wakati huo wasihesabiwe bila kusoma lebo. Viwianishi vya mfumo wa zamani wa Ufini, ambavyo namba ya mashariki huanza na 3, haviwezi kuchukuliwa kana kwamba ni vya leo. Hata vikibadilishwa kwa uzembe vinahama zaidi ya mita mia moja, na kwenye mteremko wa mlima Saana, wenye mita 1,029, umbali huo unamtoa buibui kwenye miti na kumweka kwenye tundra isiyo na miti. Majina nayo yamehama. Pardosa lapponica (Thorell, 1872) ana mabano kwa sababu Thorell, aliyempa jina kwanza, alimweka katika jenasi nyingine, huku Araneus diadematus Clerck, 1757 hana. Mabano usiyaongeze wala kuyaondoa kwa kupenda. Na usishangae mwaka 1757: majina ya Clerck ya buibui yanakubaliwa rasmi ingawa majina ya wanyama wengine yanaanzia 1758.

Utajuaje umekaribia kumaliza? Hesabu spishi ulizopata mara moja tu na zile ulizopata mara mbili. Zidisha za mara moja kwa zenyewe, gawa kwa mara mbili ya zile za mara mbili. Ukiwa na spishi 80, kati yake 20 za mara moja na 10 za mara mbili, ni 400 gawa kwa 20, yaani bado angalau 20 hujaziona. Toa namba hiyo pamoja na orodha. Toa pia mitego iliyotoka mitupu na iliyoharibiwa, ili anayekuja baadaye ajue ulitafuta wapi na kiasi gani.

Limebaki la kibali, na hili ulifanye wiki hii. Sheria ya Ufini inamruhusu kila mtu kutembea porini, lakini kuchimba mitego ni jambo jingine: unahitaji ruhusa ya mwenye ardhi, na katika maeneo ya hifadhi, kama Malla iliyo jirani na kituo chenu, unahitaji kibali cha Metsähallitus, idara ya serikali inayosimamia misitu na hifadhi. Taja kwenye ombi idadi ya mitego, mahali, tarehe na kimiminika utakachotumia, na jumba la makumbusho litakalopokea vielelezo. Nakala ya kibali itembee nawe porini, na namba yake iingie kwenye safu ya kila rekodi.

Mungu akutangulie.

Mama yako