Ndovu wa Nikko

Haji, ndugu yangu,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, ila baridi ya huku inanionea. Uliniambia nikienda kutembezwa Japani nimwangalie zaidi kiongozi wa watalii, kwa kuwa kazi hiyo ndiyo yako huko Unguja, majumba utayaona kwenye picha. Basi Jumamosi nilikwenda Nikko, mwendo wa saa mbili hivi kwa treni kutoka Asakusa, Tokyo, na ripoti yako ndiyo hii.

Kiongozi wetu alikuwa mama wa makamo, mfupi, ana kibendera cha njano, na sauti hapandishi hata kidogo. Daraja jekundu la Shinkyo alitupitisha mbio, sawa kabisa, kwani pale ni pa kupigia picha tu. Tukapanda kwenye miti ya sugi, mirefu, imenyooka, mpaka hekalu la Toshogu. Hapa ndipo alipozikwa Tokugawa Ieyasu, yule mbabe aliyeishika Japani nzima mkononi. Alifariki 1616, mwaka wa pili wakamhamishia huku mlimani, na majengo haya ya fahari ni ya mjukuu wake Iemitsu, yalimalizika 1636.

Sasa msikilize mama yule anavyofanya kazi. Tukifika mahali, hasemi. Anasimama pembeni, anatuacha tutazame, na mpaka tuanze kuulizana wenyewe kwa wenyewe ndipo anafungua mdomo. Wewe nakujua, mgeni hajashuka garini umeshamfikisha kwa Sayyid Barghash, sultani wetu wa zamani!

Kwenye banda la farasi wa hekalu watu wote walikimbilia wale kima watatu mashuhuri, aliyeziba masikio, aliyeziba mdomo na aliyeziba macho. Akangoja simu zishuke. Kisha akaturudisha ubao wa kwanza, maana kumbe mbao ni nane na zote ni hadithi moja: mama kima ameweka mkono juu ya macho anatazama mbali, maisha ya mwanawe yatakuwaje, wale watatu ni utoto, mtoto asisikie, asiseme wala asione maovu, halafu ujana, kukata tamaa, mapenzi, hadi kima mwenye mimba na mambo yanaanza tena. Na kwa nini kima kwenye banda la farasi? Watu wa zamani huku waliamini kima humkinga farasi na maradhi. Miaka yote nimewaona wale watatu kwenye fulana na vikombe, sikujua kama wana ndugu.

Akatugeuza upande wa pili, kwenye ghala, akaniangalia mimi. "Wewe unatoka Afrika. Watazame wale walio chini ya paa, uniambie wana kasoro gani." Ndovu wawili! Unguja ndovu tumewatoa wapi, Haji? Mimi nimewaona Mikumi tu, safari ya skuli. Lakini kundi zima limenikodolea, nikajitia mjuzi: masikio siyo, mkia siyo, na kile kicheko cha macho sijakiona kwa ndovu yeyote. Mama akafurahi. Aliyewachora, Kano Tanyu, mchoraji mkubwa wa enzi hiyo, hakuwahi kumwona ndovu maishani mwake. Alichora kwa kusikia na kwa kubuni. Mimi kwa kweli niliwapenda kuliko lango la Yomeimon lenye nakshi zaidi ya 500, ambalo macho hayajui yaanzie wapi. Hapo wewe ungekaa siku nzima kwa ajili ya ile kazi ya mbao. Nguzo moja wameigeuza nakshi juu chini makusudi, kwa imani kwamba jengo likishatimia ndipo linapoanza kuharibika.

Chini ya joka lililochorwa darini tuliingia bila viatu. Mtawa anagonga vipande viwili vya mti: akigonga pembeni, kimya, akigonga chini ya kichwa cha joka, dari linaitika kwa mlio mrefu wa kengele. Jengo lile liliungua 1961, wakalijenga tena na sauti ikarudi. Usihofu, sikusujudia kitu.

Chakula cha mchana kilikuwa yuba, ule utando unaokaa juu ya maziwa ya soya yakichemka. Haina ladha ya kukuandikia.

Kisha tukapanda kwa basi njia ya Irohazaka. Kona zake, za barabara ya kupandia na ya kushukia, jumla ni 48, na kila kona ina kibao cha herufi yake ya kijapani cha zamani. Majani ya vuli ndiyo kwanza yamekuwa mekundu, kwa hivyo Tokyo yote ilikuwa barabarani na basi likawa linatambaa. Mama hakuipoteza foleni ile. Alitwambia mpaka 1872 mwanamke alikuwa haruhusiwi kufika juu, kwa kuwa mlima Nantai ni mtakatifu, na farasi na ng'ombe walipigwa marufuku vilevile. "Leo nawaongoza mimi," akasema, akanyamaza. Wanawake wa nyuma ya basi wakapiga makofi.

Ziwa Chuzenji lilipatikana pale lava ya Nantai ilipoziba bonde. Maji yake yanatokea kwenye maporomoko ya Kegon, mita 97 kwenda chini kwa mkupuo mmoja. Unateremka kwa lifti ndani ya mwamba, mlango unafunguliwa, unaloa uso kabla hujayaona maji. Hapo hakusema neno, na asingesikika.

Jambo moja la kikazi. Nikko iliingia Urithi wa Dunia 1999, mwaka mmoja kabla ya Mji Mkongwe. Yomeimon walilifanyia matengenezo yaliyokwisha 2017, na mama alieleza waziwazi kipi ni rangi mpya na kipi ni cha kale, wala hakuona haya. Wewe mgeni akikuuliza kuhusu Beit al-Ajaib, lile jumba la Sayyid Barghash, na ule upande wake ulioanguka 2020, unamjibu nini? Niandikie kwa urefu, siyo vijineno viwili vya WhatsApp.

Picha za ndovu nakutumia leo usiku. Nisalimie Bi Mkubwa na watoto.

Ndugu yako,
Suleiman